Kutafuta historia ya mtaa wa Majengo katika hifadhi za maktaba ya umma: nianzie wapi?

Mwalimu wa Majengo

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa kisiwani Mombasa. Kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikikusanya habari za mtaa wa Majengo, nilikozaliwa mimi na alikozaliwa mama yangu. Nimeketi na wazee kumi na wanne, wengi wao wakina bibi, nikawarekodi wakinieleza nani alijenga nyumba ipi, kisima kilikuwa wapi, ngoma zilichezwa uwanja gani, na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini walipangishwa vyumba kwa utaratibu upi. Wanne kati yao wameshatangulia mbele ya haki, na kila ninapopata habari ya msiba huhisi kwamba nimechelewa.

Tatizo langu ni kuwa wazee hawakubaliani kuhusu miaka. Wako wanaosema kwamba viwanja vya upande wetu vilipimwa na nyumba kupangwa kwa safu wakati wa vita vya Mjarumani, yaani vita vya 1914 hadi 1918. Wako wanaoshikilia kwamba hadi vita hivyo vinakwisha pale palikuwa bado ni shamba la minazi na miembe, na kwamba watu walihamia baadaye. Nilikwenda maktaba ya umma nikamwomba kijana aliyekuwa mezani anipatie chochote kilichoandikwa kuhusu Majengo. Alitafuta kwenye kompyuta kwa subira, kisha akaniletea kitabu cha jiografia cha shule na kijitabu cha watalii kuhusu Ngome ya Yesu. Simlaumu hata kidogo. Lakini nyuma yake, ndani ya kabati lenye milango ya vioo, niliona majalada makubwa yenye miaka iliyoandikwa mgongoni, na nilipouliza nikaambiwa kwamba hayo ni ya kusomewa humo humo, hayaazimwi. Niliona haya kuendelea kuuliza, nikarudi nyumbani.

Karatasi niliyo nayo ni moja tu, nayo niliikuta katika kasha la marehemu bibi yangu. Ni stakabadhi ya kodi ya ardhi ya mwaka 1958, kwa maana Majengo, kama wenyeji wajuavyo, nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unamlipa mwenye ardhi. Stakabadhi yenyewe haizidi kiganja cha mkono. Ina jina la bibi kwa tahajia ambayo yeye mwenyewe asingeitambua, namba ya kiwanja, namba ya bloku kwa tarakimu za Kirumi, na kiasi cha shilingi kwa wino wa buluu uliofifia.

Naomba mniongoze. Nikirudi maktaba niombe nini hasa? Na karatasi ikipingana na neno la mzee, nishike lipi?

Mkutubi Mstaafu

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimefanya kazi katika maktaba za umma zaidi ya miaka ishirini, na swali ulilouliza pale mezani ndilo nililoulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote. Usione haya kurudi. Kijana yule alikupa kilicholingana na ulichoomba.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakuna afisa aliyewahi kufungua faili na kuliandika juu yake "Historia ya Majengo". Kila karatasi iliyo kabatini iliandikwa na ofisi fulani kwa shughuli zake yenyewe: kutoza kodi, kutangaza mirathi, kupima viwanja, kuchunguza mgomo, kuzuia maradhi. Kwa hiyo usiutafute mtaa. Tafuta ofisi iliyogusana na mtaa, na mwaka ilipogusana nao. Ukifika mezani na jina, namba na mwaka, hata mkutubi aliyeanza kazi juzi ataweza kukusaidia, na stakabadhi ya bibi yako imekupa vyote vitatu. Piga picha yake, uiweke ile yenyewe ndani ya bahasha safi, wala usiitie gundi ya aina yoyote.

Majalada uliyoyaona naamini ni ya Gazeti Rasmi la Serikali, kwa kuwa mara nyingi hufungwa kwa mwaka na kuandikwa mgongoni kama ulivyoeleza. Gazeti hilo lilianza kutolewa 1899, wakati Mombasa ingali makao ya serikali ya himaya, na matoleo yake ya mwanzo yalitoka hapa hapa mjini. Watu huliogopa kwa sababu wanadhani lina sheria tupu. Kwa mtafiti wa mtaa, hazina yake imo katika matangazo madogo ya kurasa za ndani. Humo utakuta matangazo ya mirathi, ambapo jina la marehemu, mahali alipofia na siku aliyofariki huandikwa ili wadai wajitokeze. Humo pia utakuta matangazo yanayohusu madai ya ardhi, kwa kuwa Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani walete madai yao mbele ya Msajili, na asiyedai ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Shamba lililokuja kukatwa viwanja vya Majengo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo ilimpasa adai. Anzia hapo.

Matoleo mengi ya zamani ya gazeti hilo yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye intaneti, lakini usitegemee kitufe cha kutafuta peke yake. Makarani wa wakati ule waliandika majina yetu kwa namna walivyoyasikia. Khamis atakuwa Hamis, Hamisi au Hamisy, "binti" huwa "bt." au "bte"; Mwinyi huwa Mwenye. Hata jina la mji wenyewe utalikuta na herufi s mbili. Andika orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria kabla ya kuanza, kisha bado ufungue kurasa kwa macho yako, kwa sababu kompyuta huzisoma vibaya herufi zilizofifia.

Baada ya hapo ulizia magazeti. Gazeti ambalo leo tunalijua kwa jina la Standard lilizaliwa Mombasa 1902, likaanzishwa na A. M. Jeevanjee, kabla ya kuhamia Nairobi 1910. Mombasa Times nalo lilidumu miongo kadhaa. Kwa nakala za zamani huenda ukalazimika kusafiri hadi maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ambayo nayo ni maktaba ya umma. Lakini nenda ukijua kwamba kwa miaka mingi maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao, na magazeti niliyoyataja yaliandikwa kwa ajili ya wasomaji hao hao. Majengo itatajwa humo palipotokea moto, wizi au mgomo, nawe ukisoma hayo tu utadhani kwamba watu wa mtaa wako hawakuwahi kuoa, kuzika wala kusali. Ndiyo sababu nashauri mtu asiyapite magazeti yetu wenyewe, kama vile Al-Islah, ambalo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilitoa hapa Mombasa katika miaka ya 1930. Mambo yaliyowashughulisha watu wa mji utayasikia humo kwa sauti yao.

Kuhusu orodha ya vitabu: si kila kitu kimeingizwa kwenye kompyuta. Uliza kama zipo droo za kadi za zamani, na kama yapo masanduku ya vijitabu, ripoti na ramani ambazo hazikupewa namba. Orodha nyingi zimepangwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtaa wako utaufikia kupitia vichwa vya habari kama makazi, mipango ya mji, afya ya umma na kazi za bandari, wala si kwa neno Majengo.

Mwisho, adabu za mezani. Chukua penseli, uache kalamu ya wino mkobani. Usilambe kidole. Karatasi za magazeti ya kale huvunjika kama kaukau, kwa hiyo fungua ukurasa kutoka pembe ya juu, na kiganja cha mkono wa pili kikiushikilia kwa chini. Ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza iwe ya mgongo wa jalada, ya pili iwe ya ukurasa mzima wenye tarehe, ndipo upige habari yenyewe. Nilimwona mtafiti mmoja akiondoka na picha mia mbili nzuri sana, akarudi baada ya miezi miwili akiwa hajui hata moja imetoka jalada gani. Ilimbidi aanze upya.

Mtafiti wa Kisauni

Namshukuru Bi. Mkutubi, ameeleza mengi kwa ufasaha. Mimi nimeshughulika zaidi na historia ya Frere Town, kijiji walikokalishwa watu waliokombolewa utumwani kuanzia 1875, kwa hiyo nitaongeza yale niliyojifunza baada ya kutoka maktaba na kwenda mbele.

Maktaba ya umma ni mlango, lakini faili zenyewe za serikali ziko Makavazi ya Taifa, jijini Nairobi, ambayo pia yana kituo cha kumbukumbu hapa Mombasa. Faili za Mkuu wa Mkoa wa Pwani huanza kwa alama PC/COAST, na ni vyema ukaijua alama hiyo kabla ya kufika, kwa sababu ndiyo utakayoiandika kwenye fomu ya kuombea. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa wasomaji linapotimiza miaka 30, kwa hiyo kipindi chako chote kimo ndani ya kinachoruhusiwa. Sehemu kubwa ya ripoti za mwaka za mikoa na wilaya ilipigwa mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye filamu) na Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani. Ukikuta kitabu cha mtafiti wa ng'ambo kinachotaja ripoti za Pwani, tazama maelezo yake ya chini ya ukurasa, kwani mara nyingi namba ya faili unayoitafuta imeshaandikwa hapo na mtu mwingine.

Mwalimu, kwa upande wako kuna hazina nyingine ambayo haikutajwa. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na katika madai yao ya mwanzo ilikuwamo posho ya nyumba. Serikali iliunda tume ya kuchunguza. Januari 1947 ukaja mgomo mkuu uliosimamisha bandari na mji mzima. Tume za namna hiyo huuliza wapangaji wanalala wangapi chumbani na wanalipa kodi kiasi gani, na mpangaji wa Mombasa wa wakati ule kwa sehemu kubwa ni mpangaji wa nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Bibi zako waliowapangisha watu wa bara wamo katika mazungumzo hayo, ijapokuwa hawakuitwa kutoa ushahidi. Rekodi zako ndizo zitakazojaza nafasi hiyo, nami nakusihi uziweke nakala zaidi ya moja.

Nina jambo moja ambalo natofautiana kidogo na Bi. Mkutubi. Yeye amekuambia uanze na ofisi. Mimi naona uanze na ule mzozo wa wazee wako, uugeuze kuwa swali ambalo karatasi inaweza kulijibu. Hadi 1920 fedha ya hapa ilikuwa rupia. Ikaja florini, ambayo haikudumu, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 ikaingia shilingi, mbili kwa florini moja. Waulize wazee waliosikia kwa mama zao: kodi ya kwanza ya ardhi ililipwa kwa fedha gani? Wakisema rupia, basi wale wa vita vya Mjarumani wana hoja. Wakisema shilingi tangu mwanzo, upande wa pili unapata nguvu. Watu husahau mwaka lakini hawasahau walilipa nini.

Ama swali lako la kushika lipi, karatasi au mzee, mimi huuliza kila mmoja wao alikuwa amesimama wapi. Afisa wa wilaya alikaa mwaka au miwili kisha akahamishwa. Alijua idadi ya nyumba lakini hakujua ni nyumba ya nani. Bibi amekaa miaka themanini. Anajua ni ya nani, lakini hakuzihesabu. Kwa hesabu namsikiliza zaidi afisa, kwa watu namsikiliza zaidi bibi, na wanapopingana naandika kauli zote mbili.

Nakuonya jambo moja tu, kwa nia njema. Unapoanza kuuliza namba za viwanja Majengo, baadhi ya watu wataingiwa na hofu, kwa kuwa ugomvi kati ya wenye nyumba na wenye ardhi haujaisha. Waeleze mapema unatafuta nini, wala usichapishe namba ya kiwanja cha familia inayoishi hapo bila idhini yao. Na ukienda ofisi ya ardhi, nenda na barua ya shule.

Kijana wa Kuze

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa zangu.

Mimi husaidia kusoma hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ninaomba kuongeza kwamba hazina ya Mombasa haiko kwa Kiingereza peke yake. Wazee wetu waliandikiana barua, waliuziana nyumba na waliweka wakfu kwa herufi hizo, na hati nyingi zingali makashani, kama stakabadhi ya bibi yako. Baadhi zimefika mbali. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayoyasoma leo yalinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu mmishenari W. E. Taylor aliyakusanya hapa Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na karatasi zake sasa ziko SOAS, chuo cha Chuo Kikuu cha London.

Ukikutana na hati ya namna hiyo, yako mambo mawili ya kuangalia. Tarehe itakuwa ya Hijria. Hati ya mwaka 1345, kwa mfano, iliandikwa kati ya Julai 1926 na Juni 1927, kwa hiyo usitosheke na mwaka, tafuta na mwezi. Pili, herufi za Kiarabu hazitenganishi i na e, wala u na o, na p mara nyingi huandikwa kwa ba. Msomaji asiyekijua Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, atakwama. Hapo juzi nilimwona mtu amesoma "ndia" akaiacha na alama ya kuuliza, ilhali ni njia tu, kama tunavyosema Ndia Kuu. Ilipofahamika, mpaka wa kiwanja chote ulieleweka, kwa sababu hati ilisema nyumba imepakana na ndia upande wa kibla.

Ukipata hati ya aina hiyo nitakusomea bila malipo. Nitakuomba tu ruhusa ya kuweka nakala.

Mwalimu wa Majengo

Marahaba, mwanangu, na shukrani nyingi kwenu nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mlivyoniambia.

Nimekwenda maktaba Jumamosi mbili. Safari hii sikuomba Majengo. Niliomba Gazeti Rasmi la 1958 na miaka iliyotangulia, na kijana yule yule akanifungulia kabati kwa furaha, akaniletea na kipande cha kadi cha kushikilia kurasa. Jumamosi ya kwanza sikupata kitu hadi saa nane mchana. Jumamosi ya pili, katika toleo la mapema zaidi, nilikuta tangazo la mirathi la mistari minne. Jina la mtaa lilikuwa limekosewa herufi moja, na kama ningetumia kompyuta nisingeliona. Nililisoma mara tatu. Marehemu yule ni mtu ambaye bibi mmoja alinitajia kwamba ndiye aliyechimba kisima, na mimi nilikuwa nimemweka katika daftari langu na alama ya kuuliza, nikidhani labda ni hadithi. Jioni nilimpelekea bibi picha. Hasomi, kwa hiyo nilimsomea. Akaniomba nirudie jina, kisha akasema, "Sasa umeniamini?" Nilimwomba radhi.

Swali la fedha nimeliuliza kwa wazee sita. Wanne hawajui. Wawili wamesema mama zao walitaja rupia, na mmoja wao ni katika wale waliokuwa wakisema watu walihamia baada ya vita, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe alipolisikia likitoka kinywani mwake.

Mkutubi Mstaafu

Hongera sana, Mwalimu. Hilo la kisima liandike leo, pamoja na tarehe ya gazeti, namba ya tangazo na ukurasa.

Kuhusu rupia usiharakishe. Neno huweza kuishi kuliko sarafu. Florini ilipokuwa ni sawa na rupia, na shilingi mbili zikawa sawa na florini, mtu aliweza kulipa shilingi mbili na bado akaziita rupia. Waulize tena wale wawili ilikuwa rupia ngapi, kisha ulinganishe na madai ya ardhi ya baada ya 1908 ili uone shamba lilikuwa limekwisha kukatwa viwanja au bado. Na utakapomaliza, peleka nakala ya rekodi zako na ya stakabadhi ile kwenye maktaba ile ile, uombe ziandikwe kwenye orodha chini ya neno Majengo.